Kuchunguza namba kubwa: ugawe kwa majaribio, utafute miraba, uijaribu kwa vipeo au utumie njia ya Pollard?

Anayekabidhiwa namba kama 1,234,567,890 na kutakiwa aeleze sifa zake hugundua mapema kwamba karibu kila anachoulizwa kinarudi kwenye jambo moja, nalo ni vigawo vyake tasa. Ina vigawo vingapi kwa jumla? Vigawo hivyo vikijumlishwa vinafika ngapi? Kuna namba ngapi zilizo ndogo kuliko hiyo ambazo hazishirikiani nayo kigawo chochote zaidi ya 1? Je, inaweza kuandikwa kuwa jumla ya miraba miwili? Vigawo tasa vikishajulikana, maswali haya yote hujibiwa kwa muda mfupi kwa kalamu na karatasi, lakini visipojulikana mengi kati yake hubaki bila jibu hata kwa mwenye kompyuta yenye nguvu. Kwa hiyo uchaguzi wa kweli alionao msomaji, awe mwalimu, mwanafunzi au mwandishi wa programu, ni njia ipi ya kuvipata vigawo hivyo, na ni wakati gani aridhike na jibu dogo zaidi, yaani kujua tu kama namba ni tasa au si tasa.

Nimechagua namba tatu na kuzipitisha zote katika njia nne, ili tofauti ionekane kwa hesabu yenyewe. Ya kwanza ni hiyo 1,234,567,890, yenye tarakimu zote kumi. Ya pili ni 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31 kasoro 1, ambayo waandishi wa programu wanaifahamu kwa kuwa ndiyo namba nzima kubwa kuliko zote inayoweza kuhifadhiwa katika biti 32 zenye alama ya chanya na hasi. Ya tatu ni 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 kuongeza 1. Zote zina tarakimu kumi, na kwa macho hakuna inayoonekana ngumu kuliko nyingine, lakini njia inayoimaliza moja kwa hatua mbili inahitaji hatua zaidi ya milioni tatu kwa nyingine.

Kazi ya awali ambayo haina mshindani

Kabla ya kuchagua njia yoyote, vigezo vya kugawanyika vitumike, kwa sababu havigharimu kitu. Namba 1,234,567,890 inaishia na 0, hivyo inagawanyika kwa 2 na kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 45, hivyo inagawanyika kwa 9, na jambo hili halitegemei mpangilio wake: namba yoyote iliyoandikwa kwa tarakimu zote kuanzia 0 hadi 9, kila moja mara moja tu, hugawanyika kwa 9. Kwa 7, 11 na 13 kipo kigezo kimoja kinachozijibu zote tatu, ambacho kwa maoni yangu kinastahili kufundishwa zaidi kuliko kinavyofundishwa. Namba hukatwa katika mafungu ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha mafungu hayo hutolewa na kujumlishwa kwa zamu. Hapa tunapata 890 − 567 + 234 − 1 = 556. Kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1,001, namba nzima itagawanyika kwa mojawapo ya hizo tatu pale tu 556 inapogawanyika kwayo, na 556 haigawanyiki kwa yoyote. Tukiondoa 2 × 9 × 5 = 90 tunabaki na 13,717,421, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Kugawa kwa majaribio

Njia hii inajulikana na kila aliyemaliza shule ya msingi: unagawa kwa 7, kisha 11, 13, 17, 19 na kuendelea na namba tasa, hadi upate isiyoacha baki au ufike kwenye kipeuo cha pili cha namba unayoichunguza. Ukifika huko bila kupata kigawo, namba ni tasa, na huo ni uthibitisho kamili usiohitaji nadharia yoyote ya ziada. Kwa 13,717,421 kipeuo cha pili ni karibu 3,703.7. Tatizo ni kwamba kigawo cha kwanza kinachopatikana ni 3,607, nayo ni namba tasa ya 504 katika orodha. Anayetumia kalamu atafanya migawanyo 500 isiyozaa kitu kabla ya kufika hapo, na kosa moja la hesabu njiani linaweza kumfanya akipite kigawo bila kujua. Kompyuta hufanya kazi hiyo kufumba na kufumbua.

Kwa 4,294,967,297 hali ni nzuri zaidi, kwa sababu kigawo chake kidogo ni 641, ambacho ni namba tasa ya 116. Pierre de Fermat alidai katika mwaka 1640 kwamba namba zote za umbo hili, yaani 2 kwa kipeo ambacho chenyewe ni kipeo cha 2, kuongeza 1, ni tasa. Hiyo ni ya tano katika orodha yake ukianza kuhesabu kutoka sifuri, na zile zinazoitangulia, 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli. Leonhard Euler ndiye aliyeonyesha mwaka 1732 kwamba dai hilo linavunjika hapo: 641 × 6,700,417 = 4,294,967,297. Njia inayohusishwa na ugunduzi huo inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa maana inaonyesha jinsi ya kuipa nguvu njia dhaifu. Kigawo chochote tasa cha namba hiyo lazima kiache baki 1 kinapogawanywa kwa 64. Kwa hiyo wanaostahili kujaribiwa ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641, na tukiziondoa zisizo tasa tunabaki na 193, 257, 449, 577 na 641. Jibu linapatikana kwa mgawanyo wa tano badala ya wa 116.

Kwa 2,147,483,647 njia ya majaribio haina njia ya mkato ya namna hiyo kwenye mwisho, kwa sababu namba ni tasa na lazima wagombea wote wamalizwe. Hadi kipeuo cha pili, ambacho ni karibu 46,341, kuna namba tasa 4,792. Euler alipunguza mzigo huo kwa kujua kwamba vigawo vyake, kama vingekuwapo, vingekuwa vya umbo la 248k + 1 au 248k + 63, na mwaka 1772 akatangaza kwamba namba hiyo ni tasa.

Kinachoiangusha njia hii ni ukuaji wa namba. Kwa namba yenye tarakimu kumi, wagombea hawazidi 9,592, ambazo ndizo namba tasa zote zilizo chini ya 100,000. Kwa namba ya tarakimu 20 wagombea hufikia 455,052,511, kazi ambayo kompyuta ya mezani bado inaimudu kwa subira. Kwa namba ya tarakimu 40 idadi yao ni kubwa kuliko 2 ikifuatiwa na sufuri 18, na hapo hakuna subira itakayosaidia. Kila tarakimu zinapoongezeka maradufu, idadi ya migawanyo hukaribia kujizidisha yenyewe kwa yenyewe.

Tofauti ya miraba

Fermat huyo huyo aliacha njia nyingine, ambayo msingi wake ni kanuni ya shule ya sekondari: a² − b² = (a − b)(a + b). Namba yoyote ya witiri isiyo tasa inaweza kuandikwa kuwa tofauti ya miraba miwili, kwa hiyo badala ya kutafuta kigawo, unatafuta miraba hiyo. Unaanza na namba nzima ya kwanza iliyo juu ya kipeuo cha pili, unaipandisha kwa kipeo cha pili, unatoa namba unayoichunguza, kisha unaangalia kama kilichobaki ni mraba kamili.

Tuirudie 13,717,421. Namba ya kwanza juu ya kipeuo chake ni 3,704. Mraba wake ni 13,719,616, na tofauti ni 2,195. Hiyo si mraba, kwa sababu 46² = 2,116 na 47² = 2,209. Tunakwenda 3,705, ambayo mraba wake ni 13,727,025, na tofauti ni 9,604, ambayo ni 98 × 98. Basi 13,717,421 = (3,705 − 98)(3,705 + 98) = 3,607 × 3,803. Kazi iliyohitaji migawanyo 500 imekwisha kwa hatua mbili, na yote inaweza kufanywa ubaoni mbele ya darasa. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba 3,607 na 3,803 zenyewe ni tasa, jambo linalohitaji kuzigawa kwa namba tasa zisizozidi 61, ambazo ni 18 tu.

Sasa sifa zote zinafunguka. Namba yetu ni 2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803. Idadi ya vigawo vyake hupatikana kwa kuongeza 1 kwenye kila kipeo na kuzidisha: 2 × 3 × 2 × 2 × 2 = 48. Jumla ya vigawo vyote ni 3 × 13 × 6 × 3,608 × 3,804 = 3,211,610,688, na tukiiondoa namba yenyewe inabaki 1,977,042,798, ambayo inaizidi namba yenyewe kwa mbali. Namba ndogo kuliko hiyo zisizo na kigawo cha shirika nayo isipokuwa 1 ni 1 × 6 × 4 × 3,606 × 3,802 = 329,040,288. Tena haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili, kwa kuwa 3,607 ikigawanywa kwa 4 huacha baki 3 na imejitokeza mara moja tu katika orodha ya vigawo tasa.

Baada ya ushindi huo, msomaji anaweza kushawishika kuifanya njia hii kuwa ya kwanza siku zote. Asifanye hivyo. Kasi yake inatokana na ukaribu wa vigawo viwili, 3,607 na 3,803, na ukaribu huo hauwezi kujulikana kabla. Kwa 4,294,967,297, vigawo 641 na 6,700,417 viko mbali mno, na wastani wake ni 3,350,529. Anayeanzia 65,537, ambayo ndiyo ya kwanza juu ya kipeuo, atapita hatua 3,284,993 kabla ya kuufikia wastani huo. Ajabu iliyopo ni kwamba namba aliyoikosea Fermat ndiyo ambayo njia yake mwenyewe isingeweza kumsahihisha kamwe. Kwa 2,147,483,647 hali ni mbaya zaidi: hatua zinazidi bilioni moja kabla njia haijakiri kwamba namba ni tasa.

Kuna mahali ambapo njia hii bado ina kazi kubwa leo, nako ni ukaguzi wa funguo za siri za mawasiliano ya mtandaoni. Funguo za RSA hutengenezwa kwa kuzidisha namba mbili tasa kubwa, na usalama wake wote unategemea ugumu wa kuzitenganisha. Mwaka 2022 iligundulika kwamba programu iliyotumika katika baadhi ya mashine za kuchapa ilikuwa ikichagua namba tasa mbili zilizokaribiana kupita kiasi, na funguo hizo zikafunguka kwa njia hii ya karne ya 17. Kwa hiyo mwenye kutengeneza funguo asikose kuijaribu, hata kama anajua kwamba mara nyingi haitatoa kitu.

Jaribio la vipeo: jibu dogo kwa gharama ndogo

Njia mbili zilizotangulia hutafuta vigawo. Njia ya tatu haitafuti kigawo hata kidogo. Inauliza tu kama namba ni tasa. Nadharia ndogo ya Fermat inasema kwamba kama n ni tasa na a haigawanyiki kwa n, basi a kwa kipeo cha n − 1 ikigawanywa kwa n huacha baki 1. Baki likitoka jingine lolote, n si tasa, na uthibitisho huo hauna shaka. Kipeo hicho kikubwa hakitishi, kwa sababu hufikiwa kwa kupandisha kwa kipeo cha pili mara kwa mara na kubakiza baki pekee kila hatua.

Kwa 4,294,967,297 kazi hii ni nyepesi kuliko kawaida, kwa kuwa n − 1 ni 2 kwa kipeo cha 32 kamili: unaanza na a, unapandisha kwa kipeo cha pili mara 32, basi. Tukianza na 2, tunadanganywa, kwani baki linatoka 1 kana kwamba namba ni tasa. Sababu yake inaonekana: 2 kwa kipeo cha 32 ni namba yetu kasoro 1, kwa hiyo ikipandishwa mara moja zaidi huacha baki 1, na hapo hubaki hadi mwisho. Tukianza na 3, baki la mwisho ni 3,029,026,160. Siyo 1, hivyo dai la mwaka 1640 linaanguka kwa mizunguko 32 ya hesabu, bila ya kutaja 641 wala kigawo kingine chochote.

Udhaifu wa jaribio hili katika umbo lake la awali ni mkubwa kuliko kosa la kuchagua 2. Zipo namba, ndogo kuliko zote ikiwa 561 = 3 × 11 × 17, zinazolipita jaribio kwa kila a isiyoshirikiana nazo kigawo, na tangu mwaka 1994 imethibitishwa kwamba namba za namna hiyo hazina mwisho. Kwa sababu hiyo sipendekezi kabisa mtu aandike programu ya jaribio la Fermat tupu. Atumie lile lililoboreshwa na Gary Miller mwaka 1976 na Michael Rabin mwaka 1980, ambalo hukagua pia njia ambayo baki 1 limefikiwa. Kwa namba isiyo tasa, si zaidi ya robo ya misingi, yaani zile namba a za kuanzia, inayoweza kulidanganya. Zaidi ya hayo, kwa namba zenye ukubwa wa kawaida bahati haihitajiki: kwa namba yoyote iliyo chini ya 3,215,031,751 inatosha kujaribu misingi 2, 3, 5 na 7, na kwa namba yoyote isiyozidi tarakimu 23 inatosha kujaribu namba tasa 12 za kwanza, kuanzia 2 hadi 37. Ndani ya mipaka hiyo jibu ni la uhakika, si la makadirio. Namba yetu ya pili, 2,147,483,647, iko chini ya mpaka wa kwanza, kwa hiyo misingi minne inamaliza kazi iliyomchukua Euler orodha ndefu ya migawanyo.

Kwa namba za umbo la 2 kwa kipeo kilicho tasa kasoro 1 kuna jaribio la pekee linalopita yote kwa wepesi, lililoanzishwa na Édouard Lucas na kukamilishwa na Derrick Lehmer. Unaanza na 4, unapandisha kwa kipeo cha pili na kutoa 2, unabakiza baki, unarudia: 4, 14, 194, 37,634 na kuendelea. Kwa 2,147,483,647 unarudia mara 29, na baki la mwisho ni 0 kamili, ishara kwamba namba ni tasa. Kwa jaribio hilo hilo lilithibitishwa mwaka 2024 kwamba 2 kwa kipeo cha 136,279,841 kasoro 1 ni tasa, namba yenye tarakimu 41,024,320.

Hapa ndipo maswali mawili yanapaswa kutenganishwa, na naona kuyachanganya ndiyo chanzo cha uchaguzi mbaya wa njia. Kujua kwamba namba si tasa na kuvijua vigawo vyake ni mambo yanayoachana sana kwa gharama. Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba 2 kwa kipeo cha 67 kasoro 1 si tasa, lakini hakuwa na kigawo chake hata kimoja. Ilikuwa mwaka 1903 ndipo Frank Nelson Cole aliposimama mbele ya mkutano wa wanahisabati huko New York na kuandika ubaoni kwamba 147,573,952,589,676,412,927 ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Mfano mkubwa zaidi ni namba ya Fermat ya ishirini, yaani ya ishirini katika orodha ile ya mwaka 1640 ukihesabu kutoka sifuri, yenye tarakimu 315,653: uthibitisho kwamba si tasa ulichapishwa mwaka 1988, na miongo mitatu baadaye hakukuwa na kigawo chake kilichojulikana.

Njia ya Pollard

Mwaka 1975 Mwingereza John Pollard alitoa njia ya kutafuta vigawo ambayo, kwa urahisi wake, huwashangaza wengi wanaoiona kwa mara ya kwanza. Unachukua namba, tuseme 2, unaipandisha kwa kipeo cha pili na kuongeza 1, unabakiza baki baada ya kugawa kwa n, kisha unarudia juu ya matokeo. Kwa 4,294,967,297 mfululizo unaanza hivi: 2, 5, 26, 677, 458,330. Ndani ya mfululizo huo umejificha mfululizo mwingine, ule wa mabaki ya kugawa kwa kigawo usichokijua. Kwa kuwa mabaki hayo ni machache, lazima yatajirudia mapema, na yakijirudia, tofauti ya hatua mbili za mfululizo itagawanyika kwa kigawo hicho. Huhitaji kukijua ili kukinasa: unatafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika, ile KKS ya darasani, kati ya tofauti hiyo na n.

Hesabu ya karibu inathibitisha. Tukiihesabu 2 ya mwanzo kuwa hatua ya sifuri, hatua ya 11 ya mfululizo huo ikigawanywa kwa 641 huacha baki 235, na hatua ya 22 nayo huacha 235. Anayelinganisha kila hatua na ile iliyo maradufu yake, ya 1 na ya 2, ya 2 na ya 4, na kuendelea, atafika kwenye jozi ya 11 na ya 22 na KKS itamtolea 641. Raundi 11, dhidi ya migawanyo 116 ya njia ya kwanza na hatua 3,284,993 za njia ya pili. Kwa kawaida idadi ya raundi hulingana na kipeuo cha pili cha kigawo kidogo, kwa hiyo kigawo cha tarakimu 6 hupatikana kwa raundi elfu moja hivi, na cha tarakimu 10 kwa laki moja hivi. Kumbukumbu inayohitajika ni ya namba mbili tu. Kwa toleo lililoboreshwa la njia hii, Pollard na Richard Brent walipata mwaka 1980 kigawo 1,238,926,361,552,897 cha namba ya Fermat ya nane, ambayo ina tarakimu 78.

Mapungufu yake ni mawili, na yote yanaepukika. Kwanza, ikipewa namba tasa huzunguka bila kutoa jibu, wala haisemi kwamba imekwama. Kwa hiyo haipaswi kuanzishwa kabla ya jaribio la Miller na Rabin. Pili, mara chache vigawo vyote hunaswa katika raundi moja na KKS hutoka n yenyewe. Hapo unabadilisha 1 inayoongezwa kuwa 3, au unaanza na namba nyingine.

Vifaa, kabla ya uamuzi

Kikokotoo cha tarakimu kumi kinatosha kwa kugawa kwa majaribio na kwa tofauti ya miraba ya 13,717,421, lakini hakifai kwa jaribio la vipeo kwenye namba zetu mbili kubwa, kwani mraba wa namba ya tarakimu kumi unafikia tarakimu 20. Excel nayo hutunza tarakimu 15 tu na kugeuza zinazofuata kuwa sufuri bila kutoa onyo, na kwa hesabu za mabaki kosa la tarakimu moja ya mwisho ni sawa na kukosa kila kitu. Python, lugha ya kuandikia programu, haina mpaka huo kwa namba nzima. Amri ya pow(3, 4294967296, 4294967297) inatoa 3029026160 papo hapo, na anayetaka kujiridhisha na niliyoyaandika juu ya msingi wa 3 aanzie hapo. PARI/GP, programu ya bure iliyoanzishwa Bordeaux nchini Ufaransa, ina njia zote hizi na nyingine kali zaidi ndani ya amri moja ya factor, nami naipendekeza kwa yeyote ambaye lengo lake ni majibu na si kujifunza njia zenyewe.

Nani achague nini

Mwalimu wa sekondari anayetaka somo la kipindi kimoja achukue 13,717,421 na tofauti ya miraba, kwa sababu inatumia kanuni ambayo wanafunzi tayari wanaijua na kuwapa matokeo wanayoyaona kwa macho. Awape pia 4,294,967,297 ili waone njia ikishindwa, kwa kuwa kuiona ikifaulu tu kutawajengea imani isiyo sahihi.

Mwandishi wa programu anayeshughulika na namba zisizozidi tarakimu 12 asijisumbue na zaidi ya kugawa kwa majaribio. Hadi milioni moja kuna namba tasa 78,498, na kompyuta yoyote ya leo huzimaliza kabla mtumiaji hajahisi kusubiri. Programu hiyo huwa na mistari michache, na makosa machache. Kuanzia tarakimu 13 hadi karibu 25 mpangilio ninaoutetea ni huu: gawa kwa namba tasa zilizo chini ya elfu moja, fanya jaribio la Miller na Rabin kwa kilichobaki, jaribu hatua chache za tofauti ya miraba, kisha uiachie njia ya Pollard. Hatua hizo chache za miraba hazina gharama ya kutajwa, na mara moja moja huokoa kazi yote, kama tulivyoona.

Zaidi ya hapo mtu asiandike njia yake mwenyewe. Njia ya mikunjo ya duaradufu ya Hendrik Lenstra, iliyochapishwa mwaka 1987, na njia za chujio zilizoanza na Carl Pomerance, zinahitaji uangalifu ambao programu zilizokwisha kukaguliwa tayari zinao. Namba ya RSA yenye tarakimu 129 iliyotolewa kama changamoto mwaka 1977 ilifunguliwa mwaka 1994 kwa kuunganisha nguvu za mamia ya watu waliojitolea kompyuta zao, na ile ya tarakimu 250 ilifunguliwa Februari 2020 kwa maelfu ya miaka ya kazi ya kichakataji kimoja, ikigawanywa kati ya mashine nyingi. Mtu aliyebaki na kipande cha tarakimu 200 ambacho jaribio la vipeo limesema si tasa, na ambacho njia ya Lenstra haikukitoa kigawo baada ya muda wa kutosha, afanye kama wafanyavyo watunzaji wa majedwali ya vigawo: aorodheshe vigawo alivyovipata, kisha mbele ya kipande hicho aandike herufi C na idadi ya tarakimu zake, C200, ili ajaye aanzie hapo.